Maswali ya Wasomaji: Pwani ya Redwood, Ukungu Wake na Maji Yake Baridi

Barua nyingi za miezi miwili hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtu ataionaje pwani ya kaskazini mwa California, pale misitu ya redwood, miti mirefu kuliko yote duniani, inapokaribiana na bahari ya Pasifiki, bila kupoteza siku zake na bila kujitia hatarini. Nimechagua sita. Mimi nilikulia Pangani na nimeishi Eureka, mji wa pwani hiyo, kwa miaka kadhaa, kwa hiyo penye haja ya kulinganisha nitalinganisha.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Sacramento pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 10. Mwezi wa Julai tuna siku tatu za mapumziko, nasi tumeona picha za miti mikubwa iliyosimama kando ya mchanga wa bahari. Je, picha hizo ni za kweli? Na ni wapi hasa mtu anaweza kutembea msituni akatokea ufukweni siku hiyo hiyo? (Mama wa wawili, Sacramento)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na picha, kwa kuwa zimewapotosha wengi. Mti wa redwood hauvumilii chumvi inayorushwa na mawimbi. Hupenda kuwa jirani wa bahari bila kuiona, ndani ya mabonde, nyuma ya kilima cha kwanza au cha pili, mahali ambapo ukungu unafika lakini povu halifiki. Miti mnayoiona imeinama juu ya mchanga katika picha nyingi ni misprusi ya Sitka, ambayo huistahimili chumvi na kusimama kama ua kati ya bahari na msitu wenyewe. Anayeshuka kutoka msituni kwenda pwani hupita kwanza chini ya redwood, kisha katikati ya misprusi, kisha kwenye vichaka vilivyolazwa na upepo, ndipo akanyage mchanga.

Mahali panapowafaa ni Prairie Creek Redwoods, kaskazini mwa kijiji cha Orick. Ni mojawapo ya hifadhi tatu za jimbo ambazo tangu mwaka 1994 zinasimamiwa kwa pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Redwood, iliyoanzishwa mwaka 1968. Zote kwa jumla zina pwani ya takribani kilomita 60. Kutoka Sacramento mtapanda hadi Redding, mtashika barabara namba 299 inayopinda milimani mpaka Arcata, na hapo mtafuata barabara namba 101 kuelekea kaskazini. Hesabuni siku nzima ya safari, hasa ikiwa mna mtoto anayetapika kwenye kona.

Siku ya pili iwe ya Gold Bluffs, ufukwe mrefu wa mchanga wa kijivu chini ya magenge ya rangi ya manjano, ambako wachimbaji wa miaka ya 1850 walichekecha mchanga wakitafuta dhahabu. Upande wa kaskazini wa ufukwe huo kuna Fern Canyon, korongo jembamba lenye kuta zinazofikia mita 15, zilizofunikwa makangaga kutoka juu hadi chini, na kijito kikipita katikati. Watoto watalowa miguu. Wachukulieni viatu vya kubadilisha na msiwakemee. Kuanzia Mei 15 hadi Septemba 15 gari halifiki huko bila kibali kilichoombwa mapema kwa njia ya intaneti, na kuna ada kwa kila gari, ingawa hifadhi ya taifa yenyewe haitozi ada ya mlangoni. Barabara ya Davison inayokwenda huko ni ya vumbi na mashimo, na trela haziruhusiwi.

Mkikosa kibali msihuzunike. Acheni gari kwenye kituo cha wageni cha Prairie Creek, mfuate njia ya James Irvine, ambayo kwa kilomita 7 hivi inapita ndani ya msitu ambao haujawahi kuguswa na shoka na kuwatoa pale pale korongoni. Mimi ningeichagua hata kama kibali kingepatikana, kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako sawasawa. Kwenda na kurudi ni kilomita 14, kazi ya siku nzima kwa mtoto wa miaka 7. Yule wa miaka 10 ataiweza akiahidiwa kitu.

Humo njiani na kwenye mbuga za kando ya bahari mtakutana na elki wa Roosevelt, kulungu wakubwa mno ambao dume lao huweza kupita kilo 400. Wanalala barabarani kama ng'ombe wa kijijini na kwa hiyo wageni huwadhania wapole. Kaeni umbali wa yadi 25, yaani mita 23, na msimwingilie jike mwenye ndama. Siku ya tatu, mkirudi kusini, simameni Sue-meg, hifadhi ya jimbo iliyorejeshewa mwaka 2021 jina lake la Kiyurok, lugha ya wenyeji wa asili wa pwani hii. Teremkeni ngazi hadi ufukwe wa Agate, ambako watoto wanaweza kuinama saa nzima wakitafuta vijiwe vya akiki vinavyong'aa kwenye changarawe.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi niliyetokea Kilifi na sasa nasoma Arcata. Nimekulia majini, lakini kila nikitaka kuingia baharini wenzangu wananizuia kana kwamba mimi ni mtoto. Jambo la pili ni hili: nyumbani nikijua tarehe ya mwezi najua na saa ya maji kupwa, ila hapa hesabu yangu inakosea kila siku. Ninakosea wapi? (Kijana wa Kilifi)

JIBU: Marahaba. Wenzako wanakupenda, wasikilize. Bahari ya Kilifi ni nadra kushuka chini ya nyuzi 24 za Selsiasi. Ya Trinidad na Crescent City, miji ya pwani hii, huwa kati ya 10 na 13 kwa sehemu kubwa ya mwaka, hata jua likiwaka. Maji ya namna hiyo humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, akayameza, na baada ya dakika chache mikono huanza kukataa kutii. Hodari wa kuogelea hana kinga dhidi ya jambo hilo, isipokuwa amevaa vazi maalumu la mpira.

Isitoshe, kwetu kuna mwamba wa matumbawe unaolivunja wimbi mbali, na linalotufikia ufukweni ni mabaki yake. Pwani hii haina mwamba huo. Wimbi lililozaliwa na dhoruba maelfu ya kilomita huko katikati ya Pasifiki linafika likiwa na nguvu zake zote, na mara nyingine mafungu mawili ya mawimbi hukutana na kupandana, likatokea moja linalopanda ufukwe mbali kuliko yote yaliyolitangulia. Bahari inaweza kuwa shwari kwa dakika 10 au 20, watu wakajisahau, kisha likaja hilo. Ndiyo maana wenyeji husema usiipe bahari kisogo, nao hawasemi kwa mzaha. Magogo yaliyotapakaa mchangani nayo si viti: gogo la tani kadhaa huelea na kubiringika kwenye maji yanayofika magotini tu, na aliyekaa juu yake au kusimama nyuma yake hana pa kukimbilia. Binafsi niliwahi kulowa mpaka kifuani nikiwa nimesimama mahali palipokuwa pakavu asubuhi yote, na tangu siku hiyo nakaa juu ya mstari wa magogo.

Sasa hesabu yako. Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kupwa kwa kwanza na kwa pili karibu kunalingana. Ukijua ni bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, unajua kwamba maji yatapwa kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Pwani ya California pia ina kujaa kuwili na kupwa kuwili, ila havilingani. Moja ya kupwa hukausha miamba, na jingine, saa kumi na mbili hivi baadaye, huenda lisiifunue kabisa. Katika majira ya machipuko na kiangazi kupwa kukubwa huangukia alfajiri au asubuhi mapema, na wakati wa baridi huangukia alasiri na jioni. Mwezi bado unatawala, bamvua na maji mafu yapo, lakini tarehe ya mwezi peke yake haitoshi kukupa saa. Kimo nacho ni kingine: Zanzibar tofauti ya maji wakati wa bamvua hufika takribani mita 4, ilhali Crescent City, kati ya kujaa kukubwa na kupwa kukubwa, ni kama mita 2 kwa wastani. Tumia majedwali ya maji yanayotolewa na shirika la serikali la NOAA, ambayo huandika vimo kwa futi. Siku zenye alama ya kutoa mbele ya namba, yaani maji yanapopwa chini kuliko kawaida, ndizo za kwenda kuangalia vidimbwi vya miamba. Fika saa moja kabla ya kupwa kabisa, ondoka maji yanapogeuka. Utaona kome, kaa, anemoni za kijani kubwa kama sahani, na ukibahatika kiti cha pweza, ingawa viumbe hao walipungua sana kutokana na ugonjwa ulioanza kuonekana mwaka 2013.

Utaona pia kando ya barabara vibao vya tsunami. Baada ya tetemeko la Alaska la Machi 27, 1964, mawimbi yalifika Crescent City usiku. Yale ya kwanza yalikuwa madogo, baadhi ya watu wakarudi kuangalia maduka yao, na wimbi la nne, lililokuwa kubwa kuliko yote, likawakuta huko. Watu 11 walifariki mjini humo. Ukisikia ardhi inatetemeka kwa muda mrefu uwapo ufukweni, usingoje king'ora: panda juu kwa miguu, na usishuke mpaka utangaziwe.

SWALI: Mwaka jana tulisafiri kutoka Dallas mwezi wa Julai kwa ajili ya bahari na miti hiyo, na kwa siku nne hatukuona ila ukungu. Je, tulikosea mwezi? (Baba mwenye hasira kidogo, Dallas)

JIBU: Pole, ndugu yangu, ingawa ulichokiona ndicho kinachoulisha msitu ule. Upepo wa kaskazini-magharibi wa machipuko na kiangazi huyasukuma maji ya juu ya bahari yaondoke pwani, na mahali pake hupanda maji baridi kutoka kilindini. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu, kisha joto la bara huuvuta uingie mabondeni. Katika miezi ambayo mvua karibu haipo, ukungu huo hunaswa na majani ya redwood, ukadondoka chini kama manyunyu. Utafiti wa Todd Dawson uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika msitu wa redwood alioupima, karibu theluthi ya maji yote ya mwaka ilitokana na ukungu. Ukanda wa miti hii haufuati mvua peke yake. Unafuata ukungu, na ndiyo maana ni mwembamba, umeshikamana na pwani kutoka kusini mwa Monterey hadi kuvuka kidogo mpaka wa Oregon.

Ukitaka bahari ya samawati, njoo Septemba au mapema Oktoba, kabla ya mvua kuanza. Ila wakati huo madume ya elki yanagombania majike, kwa hiyo umbali niliomtajia mama wa Sacramento uuongeze. Ukija tena Julai, usikae ufukweni asubuhi ukisubiri jua. Asubuhi ingia msituni, ambako ukungu ni pambo, na ufukweni nenda alasiri, kwani mara nyingi huinuka kwa saa chache. Koti lisilopitisha upepo lilikuwa la lazima Julai yako na litakuwa la lazima Septemba.

SWALI: Mama yangu ana miaka 74 na magoti yake ni mabovu. Atakuja kututembelea kutoka Morogoro, naye ameomba aione miti mikubwa na bahari. Tufanyeje? (Binti yake, Portland)

JIBU: Mpe salamu zangu. Mpitishe polepole kwenye barabara ya Newton B. Drury, kilomita 16 zinazopita katikati ya msitu wa Prairie Creek, na umshushe pale Big Tree, ambapo kutoka gari hadi mti ni hatua chache za njia tambarare. Magoti yakiruhusu, mzunguko wa Lady Bird Johnson Grove una kilomita 2.4 bila mteremko mkali. Kwa bahari, mwandalie kiti ufukwe wa Crescent, kusini mwa Crescent City, kisha mpeleke kwa gari hadi juu ya mlango wa mto Klamath, mahali pa kutazamia palipo juu sana ya maji. Kutoka hapo nyangumi wa kijivu huonekana wakipita kuelekea kusini mnamo Desemba na Januari, na wakirudi kaskazini mnamo Machi na Aprili. Mto anaoutazama ni wa watu wa Yurok; mabwawa manne yaliyouzuia huko juu yalimalizwa kubomolewa mwaka 2024, na samaki wa samoni wamerudi kupanda.

SWALI: Mimi ni muuguzi Oakland, na nina siku moja tu ya mapumziko kwa wiki. Safari ya saa sita siiwezi. Hakuna karibu? (Dada wa zamu za usiku)

JIBU: Ipo, dada. Watu wote watakutajia Muir Woods, msitu wa redwood uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1908, nami sikuzuii, ila nafasi ya gari ni lazima iwekwe mapema na siku za mwisho wa wiki utatembea nyuma ya migongo ya watu. Mimi ningekwenda Pantoll, juu ya mlima Tamalpais, nikashika njia ya Steep Ravine. Inashuka kando ya kijito katikati ya redwood na makangaga. Mahali pamoja, karibu na maporomoko madogo ya maji, unateremka kwa ngazi ya mbao. Kisha msitu unakwisha ghafla na bahari yote inafunguka chini yako, na kwa njia ya Dipsea unafika ufukwe wa Stinson, ambao majira ya kiangazi una waokoaji. Kumbuka tu kwamba gari umeliacha mlimani na kurudi ni kupanda, kwa hiyo usile chakula kizito Stinson. Ukiwa umetoka zamu ya usiku, lala kwanza.

SWALI: Nimesoma kwamba mti mrefu kuliko yote duniani uko katika msitu huo. Nataka kuuona, nipige picha, nile chakula changu chini yake, kisha niteremke pwani. Naomba maelekezo. (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Maelekezo sitakupa, na nitakueleza kwa nini. Mti huo, uitwao Hyperion, uligunduliwa mwaka 2006 na ulipimwa ukawa na zaidi ya mita 115. Kwa kulinganisha, mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, katika bonde moja la Kilimanjaro, una mita 81.5. Hakuna njia inayofika kwenye Hyperion, basi watu walijichongea zao, wakakanyaga makangaga na kuushindilia udongo juu ya mizizi. Redwood haina mzizi mkuu unaozama. Mizizi yake huishia mita chache tu chini, ikasambaa mbali na kushikana na ya jirani zake, kwa hiyo udongo ulioshindiliwa unaudhuru mti mzima. Mwaka 2022 eneo hilo lilifungwa, na anayekutwa humo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa miezi sita. Tena ukiwa chini yake huoni kimo. Unaona shina, na redwood nyingi za kando ya njia halali zina shina nene kuliko lake. Nenda Grove of Titans, katika hifadhi ya Jedediah Smith, ambako tangu mwaka 2022 kuna njia iliyoinuliwa juu ya ardhi, na kutoka hapo hadi bahari ya Crescent City ni mwendo mfupi wa gari.

Chakula nacho kina kisa chake. Kuna ndege mdogo wa baharini, mureleti, anayevua samaki Pasifiki na kuruka makumi ya kilomita hadi ndani ya msitu mkongwe kutaga yai moja tu. Hajengi kiota, huliweka yai juu ya tawi pana lililoota kuvumwani, na tawi la namna hiyo halipatikani ila kwenye miti ya karne nyingi. Alifichama vizuri kiasi kwamba kiota chake cha kwanza California hakikuonekana hadi mwaka 1974, katika msitu wa Big Basin. Baada ya karne moja na zaidi ya ukataji kubakiza takribani asilimia 5 tu ya msitu wa kale, matawi hayo ni machache, na adui wa yai ni kunguru na jamaa zake, ambao huja na kuongezeka mahali watu wanapodondosha makombo. Kunguru aliyezoea makombo ya chini huinua macho pia juu. Kwa hiyo kula ndani ya gari lako au kwenye meza zilizotengwa, kunja mfuko wako vizuri, na hata punje ya karanga ikidondoka, iokote.